Mtego wa Kuachia Inzi

Mama Mapera alipasua pera la kwanza. Funza. Akapasua la pili. Funza. La tatu lilikuwa zuri kwa nje, la njano, lanukia hadi barabarani. Alilipasua kwa matumaini, na funza wawili wakaruka kutoka ndani.

"Hivi nyie hamna adabu?" aliwauliza.

Mtaani walimpa jina hilo kwa sababu ya mipera kumi na miwili aliyoipanda mwenyewe nyuma ya nyumba. Kila wiki alimpelekea mapera muuza juisi wa sokoni. Jana muuza juisi alirudisha kreti nzima.

"Dada, nimechoka," alisema. "Mteja amekuta funza kwenye glasi. Ukiniletea tena mapera kama haya, basi tena."

Mume wa Mama Mapera alikuwa fundi wa kuchomelea madirisha na mageti. Hakuwa na maneno mengi. "Nimeshamwambia mtu wa msumeno aje mwisho wa msimu," alisema. "Miti yenyewe inalisha inzi tu. Nitajenga karakana pale."

"Hukati mti wangu hata mmoja!"

"Basi ondoa inzi."

Kuondoa inzi! Kana kwamba alikuwa amekaa tu. Alishapuliza dawa mara nne. Akakohoa yeye, inzi wakabaki wazima.

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa afisa kilimo, jirani yake wa nyumba ya tatu. Afisa alivaa buti zake, akaja kuangalia.

"Inzi jike hutaga mayai ndani ya tunda," alieleza. "Dawa inabaki juu ya ganda, funza yuko ndani anakula. Akishiba anatoka, anajifukia kwenye udongo, na baadaye anageuka inzi. Na haya je?" Alionyesha mapera yaliyooza chini ya miti.

"Hayo yatageuka mbolea."

"Yanageuka inzi, dada."

Mama Mapera aliinama kuokota. Ilimuuma kwa sababu ilikuwa kweli.

Waliokota mapera yote yaliyoanguka, wakayatia kwenye mifuko myeusi ya plastiki. Waliifunga na kuiacha juani wiki mbili ili funza wafe kwa joto. Kisha afisa akatundika makopo matano yenye matundu. Ndani ya kila kopo mlikuwa na chambo chenye harufu, na kitambaa kilichopakwa unga wa kijani.

"Unga huu ni kuvu," alisema.

"Kuvu? Ukungu, kama wa mkate uliolala?"

"Ndugu yake. Lakini hii inaua wadudu. Inamganda inzi, inachipua, inapenya hadi ndani ya mwili wake. Siku nne au tano hivi, amekufa."

"Na sisi je?"

"Haitafuti watu. Ila ukiigusa nawa mikono, na usiivute puani. Halafu usipulize dawa nyingine hapa, hasa dawa ya ukungu. Utaiua kuvu yetu."

Kuvu nyingine aliichanganya na udongo chini ya miti, iwapate funza wanaojifukia humo. Fundi hakuwepo. Alikuwa kazini, anachomelea geti la mtu.

Wiki tatu zikapita. Mama Mapera akapasua mapera matano. Funza kwenye manne. Alikwenda kumgongea afisa mlango kwa ngumi.

"Njoo uone! Kuvu yako imelala usingizi!"

Afisa alikuja, akafungua kopo la kwanza. Lilijaa inzi waliokufa. Kwenye kila tundu palikuwa na kipande cha wavu wa waya, kimekunjwa vizuri, kipana kwa nje na chembamba kwa ndani.

"Nani ameweka hii?"

Fundi alijitokeza, kifua mbele. "Mimi. Mlitundika makopo yana matundu, inzi wanaingia na kutoka watakavyo! Mtego gani huo? Nimewatengenezea mlango wa kuingia tu. Hii ndiyo kazi yangu."

"Makopo yote matano?"

"Yote matano!"

Afisa aliketi juu ya ndoo. "Shemeji, inzi akiingia lazima atoke. Chambo hiki kinawaita madume. Dume anatoka na unga mwilini, anakwenda kupanda majike, na majike wanaupata kwake. Anawaua wenzake ambao hawajawahi hata kuliona kopo. Wewe umewafungia wasambazaji wetu. Majike huko nje wanaendelea kutaga."

"Yaani nimemkamata mwizi, halafu nimwachie?"

"Mwachie. Aende kwao na mzigo wake."

Fundi aliutazama waya wake. Mama Mapera alitaka kusema, lakini maneno yote yaliyomjia hayakufaa kusemwa mbele ya mgeni. Wiki tatu za bure! Akanyamaza. Akanyamaza na kesho yake, na wiki zilizofuata pia. Aliweka chakula mezani bila neno.

Fundi aliondoa waya zote siku ile ile. Kila jioni aliokota mapera yaliyoanguka bila kuambiwa. Mkewe alimwona, na bado alikuwa na hasira. Kila akiitazama mipera, alihesabu wiki zilizobaki kabla ya msumeno.

Wiki ya saba tangu makopo yatundikwe, muuza juisi alikuja na kisu chake mwenyewe. Akapasua pera la kwanza. Safi. La pili. Safi. Alipasua mapera ishirini huku Mama Mapera akihesabu. Moja tu lilikuwa na funza.

"Mara ya mwisho nilikuwa natafuta moja zima kati ya ishirini," alisema muuza juisi. "Niletee kreti mbili kesho. Na hao jirani zako wafundishe, wasikurudishie inzi."

Alipoondoka, Mama Mapera alimgeukia mumewe.

"Sasa huyo mtu wa msumeno, umwambie asije."

"Nilishamwambia."

"Lini?"

"Siku ile niliyoondoa waya."

"Wiki nne! Wiki nne nalia peke yangu kwa ajili ya miti yangu, na wewe unajua, umekaa kimya!"

"Ningekuambia saa ngapi," alisema Fundi, "na wewe ulikuwa huongei na mimi?"