Mfuko wa Unga wa Kijivu

Jioni ya kwanza ndani ya msitu wa mwisho, Nadine aliuma kitu kigumu katikati ya viazi vya kuponda. Hakikuwa kikubwa, mfano wa punje ya mchele isiyoiva. Kilivunjikia kwenye gego na sauti yake akaisikia ndani ya sikio, lakini alikimeza, maana mtu aliyetembea kwa miguu tangu Georgia mwezi wa tatu, kwa njia ndefu ya msituni inayoishia mlima Katahdin huko Maine, hatemi chakula.

"Kuna mchanga humu," alisema.

"Ni maharage hayo," alijibu Wendell, mumewe. "Zamu yako imekwisha bibie, lete kijiko."

Hivyo ndivyo walivyokula wawili hawa. Sufuria moja, kijiko kimoja, tonge kwako tonge kwangu, na mtu asimzidi mwenzake. Kijiko cha pili Wendell alikiacha huko Virginia kwa sababu ya uzito. Uzito ulimtia wazimu bwana yule. Mswaki aliukata mpini, lebo za nguo alizichana, ramani aliipunguza kingo. Akinunua chakula, hapohapo mlangoni mwa duka huvua maboksi na karatasi zote na kumimina kila kitu kwenye mifuko ya nailoni, ili asibebe hata gramu moja isiyolika. Wenzao njiani walimbandika jina la Unyoya. Huko jina hujipi, unapewa, na ukishapewa ndilo unaloandika kwenye madaftari ya vibanda wanamolala wasafiri mpaka mwisho wa safari.

Unga ule wa kijivu waliouchanganya na viazi aliupata kwa Mama Lorna, mwenye nyumba ya wageni kwenye mji wa mwisho wa Maine, kabla ya msitu wa maili mia usio na duka wala nyumba. Nyumba za namna hiyo zote zina sanduku mlangoni: ulichochoka kukibeba unakiacha, anayekitaka anakichukua, haulizwi mtu. Wendell alikuta humo mfuko ndani ya mfuko, na katikati yake karatasi iliyokunjwa. Karatasi ni uzito. Mfuko wa nje na karatasi yake aliutupa pipani bila kuikunjua, akachovya kidole kwenye unga, akaonja, akatangaza kwamba ni maharage meusi ya mtu aliyejikaushia nyumbani, yamepungukiwa chumvi tu. Mimi nimeishi kando ya njia ile miaka mingi na nimewaona wasafiri wale wakilamba siagi kutoka kwenye karatasi iliyookotwa. Njaa yao haina adabu. Kwa hiyo silaumu sana, ila msomaji kama hujala, kula kwanza.

Waliupikia unga ule jioni nne, wakachanganya na viazi, hadi mfuko ukaisha.

Siku ya tano Wendell alianza kubaki nyuma. Yeye ambaye tangu Georgia Nadine alimjua kwa visigino, sasa alikuja taratibu, ameegemea fimbo, mguu wa kushoto akiuburura kwenye mizizi.

"Umeumia?"

"Mwenda pole hajikwai," alisema Wendell. Miaka tisa ya ndoa hakuwahi kusema vile.

Halafu kulikuwa na harufu. Watu wa njia ile wote hunuka, na hucheka kunuka kwao. Jasho la miezi sita, soksi zilizochacha, hema lililokunjwa likiwa bichi, hayo Nadine aliyazoea kama anavyozoea sabuni mtu wa mjini. Harufu hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa ya nywele na kucha zinazoungua, kama kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa motoni, na ilitoka kwenye pumzi ya mumewe. Alipomkaribia ili amfute uso, aliona ute wa kijivu umejikusanya kwenye pembe za macho, na alipoufuta ulikwaruza kidole.

Jioni alimvua soksi. Mchanga ulimwagika, mchanga wa kijivu uliolowa, na pamoja nao kucha mbili za vidole vya mguu. Mahali pa kucha hapakuwa na damu. Palikuwa na kitu laini kama ugali uliolala, na kikibonyezwa kinatoka. Kutoka kifundoni mstari mwekundu ulikuwa umepanda hadi nusu ya muundi. Nadine alijua maana ya mstari ule. Ukifika kinenani bila daktari, mtu anakwenda.

Kati ya ule mchanga aliokota kipande chembamba cheupe, kimechongoka upande mmoja. Kazi yake huko Ohio ilikuwa kusafisha meno ya watu. Mzizi wa jino anaujua hata akifumba macho. Alimfungua mumewe kinywa, akahesabu meno yake, yakatimia yote, na ndipo akakumbuka kile alichokiuma jioni ya kwanza. Alitoka hemani akajitia kidole kooni. Hakikutoka kitu.

Siku ya sita mchana walifika mahali njia inapokata barabara ya magari ya magogo. Nadine alisimamisha lori. Dereva alimwona Wendell, akaziba pua, lakini alikuwa mtu mwema na akamsaidia kumpakia. Gari halijasogea hatua ishirini Wendell alikakamaa, macho yakageuka, povu la kijivu likamtoka puani na mdomoni na kifua kikaacha kupanda. Walimteremsha. Nadine alimvuta kwapani hadi kwenye njia, na kisogo chake kilipogusa udongo wa njia ile, alivuta pumzi.

"Usinipandishe tena garini," alisema Wendell kwa sauti nzito ya mzee. "Nimekwama hapa mara sita. Safari hii nafika."

Dereva aliondoka bila kuaga.

Kwenye kibanda kilichofuata Wendell alivuta daftari akaandika jina. Hakuandika Unyoya. Aliandika Konokono, kwa herufi zilizolala upande, mwandiko ambao Nadine hakuwahi kuuona. Nadine alipanda peke yake kilimani ambako simu hukamata, akampigia Mama Lorna.

"Mama, nani anaitwa Konokono?"

"Jina hilo umelitoa wapi, mwanangu?"

"Mume wangu analiandika."

"Konokono ni Royce. Mzee wa watu, mguu wake wa kushoto ulikuwa mbovu. Alianza njia ile mara sita na mara zote ilimshinda kwenye msitu huo huo. Amekufa mwaka huu, wakamchoma akawa majivu. Rafiki yake alikuwa anampeleka mlimani kwenye mfuko, goti likamwisha hapa kwangu. Akamwacha sandukuni na barua, kwamba yeyote anayekwenda amchukue. Nilipoona hayumo nikamshukuru Mungu." Mama Lorna alishusha sauti. "Ni ninyi mliombeba?"

"Mama," alisema Nadine, "tumemla."

Alisikia kiti kikiburutwa, halafu mama yule akikaa.

"Wote wawili?"

"Mume wangu ndiye mgonjwa. Mguu unaoza, Mama. Nikimtoa anakata roho, nikimwacha anakufa."

"Basi mfikishe, na upesi. Huyo hataki kingine. Lakini nisikilize vizuri. Kila kinachotoka kiokote. Usiache punje. Mtu hafiki nusu."

Siku tatu zilizobaki hadi mlimani Nadine hapendi kuzisimulia, nami sikumlazimisha. Alikuwa na ule mfuko mtupu na kile kijiko kimoja. Asubuhi alimchokonoa mumewe masikio na kukwangua macho, mchana alimimina soksi na kukinga makohozi, akapekua kitovu na katikati ya vidole ambako ule ugali ulikuwa ukijitengeneza upya, akakung'uta mfuko wa kulalia na kupangusa kwa kitambaa kila kona yake, na hata kile ambacho kwa desturi ya njia ile huchimbiwa shimo na kufukiwa mbali na maji yeye hakuthubutu kukifukia, alikichuja kwa leso yake mwenyewe, amepiga magoti, mainzi yakimwingia mdomoni, huku Wendell ameketi gogoni anamtazama kwa upole wa mgeni anayehudumiwa vizuri. Na jioni alikisuuza kijiko kilekile akalia chakula, kwa sababu hakikuwapo kingine na maili zilikuwa zimebaki.

"Asante, binti," ile sauti ilimwambia siku moja. Nadine alikwenda kutapikia nyuma ya mti. Kikatoka chakula tu.

Mstari mwekundu ulifika gotini, ukapita goti.

Walipanda mlima Katahdin siku ya jua kali. Juu kabisa kuna kibao cha mbao ambacho kila aliyetoka Georgia hukishika na kulia. Vijana kadhaa walikuwepo wakipigana picha. Wendell alikuja kwa mikono na magoti, akakigusa kibao kwa paji la uso, na hapo akaanza kutapika, kitu kizito cha kijivu kama saruji iliyokorogwa, kikaja kwa mkupuo mmoja mrefu usiokatika, kikining'inia kutoka kooni hadi kwenye mawe, na vijana wale wakakimbia huku wamefunika vinywa, na Nadine akakivuta kwa mikono miwili, taratibu, asije akakikatia ndani.

Kisha Wendell alilala chali.

"Mke wangu," alisema kwa sauti yake. "Nani ananuka hivi?"

"Wewe."

"Ni jasho?"

Nadine aliinamia kwapa lake. Lilikuwa jasho, jasho kali kama la beberu. Alilia kwa furaha.

Kabla ya kumwaga aliuinua mfuko kwenye mwanga. Ulikuwa mfuko uleule, aliuona ukiwa umejaa hadi shingoni. Sasa ulikuwa nusu. Aliutikisa, akaugonga ili yaliyomo yatulie, ukabaki nusu. Aliwaza sufuria, na kijiko, tonge kwako tonge kwangu, na mtu asimzidi mwenzake. Aliumwaga upepo ukauchukua, na hakusema neno, kwa sababu watu wa uokoaji walioitwa na vijana wale walikuwa wakija na machela na mguu wa mumewe ulikuwa bado unaweza kupona.

Ukapona, isipokuwa vidole viwili.

Mwezi wa kwanza huko Ohio theluji ilifika madirishani. Wendell alikuwa akikaanga mayai, Nadine amempa mgongo, amesimama dirishani na glasi ya maziwa. Kulikuwa na harufu ya kitu kinachoungua, Wendell akazima jiko, lakini harufu haikukoma. Halafu alisikia meno yakisaga kitu kigumu.

"Unatafuna nini?"

"Maziwa," alisema Nadine, na akaendelea kutafuna. Alihama kutoka dirishani kwenda mlangoni, pole pole, mguu wa kushoto ukiburura kwenye zulia. "Huko Maine theluji huyeyuka lini?"

Wendell alifungua droo, akatoa mfuko mtupu wa nailoni, na kile kijiko.