Bati la Upande wa Kaskazini

Taa ya kisiwani hujaribiwa giza linapoanza kuingia, ndiyo maana jioni ile nilikuwa bado juu ya mnara, betri mpya ikiwa mapajani. Mimi ni fundi wa sola. Mnara wenyewe ni wa enzi za wakoloni. Zamani ulikuwa na mlinzi na taa ya mafuta. Siku hizi taa inajiwasha yenyewe, na sisi tunakwenda kubadilisha betri na kukwangua kinyesi cha ndege kwenye vioo. Mambo ya mizimu nilimwachia bibi yangu huko Kagera. Nilitaka kufunga betri, niondoke, nikale.

Aliyenivusha kutoka Mwanza ni Mzee Luhaga, mwenye boti, mtu mpole kupita kiasi. Binti yake, Rose, alizama mwaka juzi karibu na kisiwa hicho, akirudi na dagaa. Mwili haukuonekana. Pale mwaloni, boti zinaposhusha samaki, kila mtu anaijua habari hiyo, na hakuna anayeitaja mbele yake.

Alipanda ngazi taratibu, akasimama mlangoni.

"Fundi, na hilo bati?"

Lilikuwa bati nene lenye kutu, limefungwa kwa nati upande wa kaskazini wa taa. Upande ule mwanga haukupita kabisa.

"La kazi gani, mzee?"

"Linaziba tu. Litoe. Wavuvi watakushukuru."

Nikaona anasema la maana. Nati zilikuwa zimeshikana, nikazitukana, zikaachia. Luhaga alilipokea bati kwa mikono miwili, akalilaza sakafuni kama mtu anayelaza mtoto.

Giza likaingia. Taa ikawaka.

Mwanga ulizunguka polepole. Ukapita mjini, ukapita upande wa Kamanga, kisha ukaenda kaskazini, kwenye ufukwe wa mawe. Niliona mawe na maji tu.

Ulipozunguka tena, vyura walinyamaza.

Ulipozunguka tena... kulikuwa na watu wamesimama majini.

Maji yaliwafika kifuani. Walikuwa wametuelekea sisi. Nikajiambia ni wavuvi. Kisha ikaja harufu ya tope la chini kabisa ya ziwa na ya nguo zilizovunda. Mwanga uliporudi, maji yaliwafika kiunoni.

"Mzee... wale ni akina nani?"

Alinong'ona bila kunitazama. "Meli ilizama pale, zamani. Mlinzi wa taa akawa anaona kila mwanga unapowapitia, wanaamka. Wanadhani wameonekana. Wanadhani tunakwenda kuwachukua. Ndipo akaweka bati."

"Na wewe ulijua!"

"Mwanangu yuko upande ule, fundi. Tangu azame hakuna aliyemmulikia."

Niliogopa. Nilimwonea huruma pia, na hasira ilinipanda, vyote kwa pamoja. Nikaliokota bati.

Chini kwenye giza ikasikika sauti ya msichana. Sauti ya kawaida kabisa.

"Baba..."

Luhaga alishuka ngazi mbio.

"Mzee, usiende! Wako wengi!"

Hakusikia, au hakutaka kusikia. Nilisimamisha bati mahali pake. Nati ikaniponyoka, ikaviringika sakafuni, na bati likainama upande mmoja. Nikaitafuta kwa kupapasa. Mwanga ulipopenya pembeni ya bati nilimwona Luhaga majini, mikono ameinyoosha mbele, na wale wengine wakimzunguka taratibu, bila haraka yoyote.

Chap. Chap.

Nyayo zenye maji, ndani ya mnara. Zinapanda.

"Fundi, usizibe!" Luhaga alipiga kelele kutoka chini. "Nimemwona! Nisubiri kidogo!"

Chap. Chap. Chap.

Harufu ikafika mlangoni.

Nikaipata nati, nikalinyoosha bati, nikakaza.

Kimya... Baadaye vyura wakaanza tena.

Nilishuka nikiwa nimeshika ukuta. Ngazi zilikuwa zimelowa mpaka karibu na juu. Nilidhani nitamkuta Luhaga anaelea, lakini alikuwa ameshakaa ndani ya boti, kwa nyuma, injini inanguruma, maji yanamchuruzika. Nusura nilie kwa furaha.

"Pole, mzee."

Nikapanda, tukaondoka.

Tulikuwa tumefika katikati nilipogundua kwamba anashika usukani kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa nje ya boti, umezama majini mpaka kwenye kiwiko. Boti ilikuwa imeinamia upande ule, na injini ilihema kama inayokokota wavu uliojaa.

"Mzee, toa mkono majini."

"Nilikuwa nimeshamshika ulipoziba."

"Basi mwachie. Nakuomba, baba yangu."

"Mimi nimemwachia, fundi." Alikuwa analia sasa, kimyakimya. "Yeye ndiye hajaniachia. Na yeye kashikwa na wenzake."

Sikuthubutu kuchungulia. Niligeuka nikatazama mbele. Mji wa Mwanza ulikuwa umewaka wote, bandarini, hotelini, kwenye nyumba za vilimani, na mwanga wake ulikuwa umetandaa juu ya maji mpaka pale tulipokuwa, na hapakuwa na bati la kuuziba.