Simu ya Saa Kumi

Siku walipokutana, alimwangusha chini katikati ya soko, mchana kweupe. Gurudumu la lori lilipasuka, paa! na kabla mshonaji hajageuza shingo, mwanamume asiyemjua alikuwa amemlaza chini na kumfunika kwa mwili mzima. Gauni lake jipya la njano likachanika bega. Boksi lake la vifungo likamwagika hadi mtaroni. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Wewe kaka, una wazimu?"

"Samahani, dada. Nilidhani..." Hakumaliza. Akainama mtaroni, akaanza kuokota vifungo.

Kesho yake alikuja kwenye kibanda cha ushonaji na vile vifungo vyote, vimeoshwa na kupangwa kwa rangi kwenye vikopo. Alikuwa askari aliyerudi kutoka vitani, sasa anapakua majora ya vitambaa kwenye stoo ng'ambo ya barabara. Mshonaji akambandika jina la Vifungo, na moyo ukamwendea bila hata kumwomba ruhusa.

Wakapendana hasa.

"Kipenzi, umekula?" Vifungo alikuwa akiuliza kwa simu kutoka stoo.

"Nitakulaje na wewe uko mbali?"

"Mbali wapi? Mbona nakuona dirishani, unatafuna!"

Kasoro ilikuwa moja tu. Kila alasiri, saa kumi kamili, simu ya Vifungo iliita, naye akatoka nje na kuwapa watu mgongo. Dakika moja, basi. Kwenye kioo cha simu paliandikwa SAA KUMI. Jamani, mtu gani anaitwa kwa jina la saa? Siku moja mshonaji alitega sikio akasikia sauti ya mwanamke, laini, inacheka.

"Nani huyo?"

"Mtu tu."

"Mtu tu ana sauti tamu hivyo?"

"Usianze, mpenzi wangu."

Nani kaanza? Wivu ukamvuruga kazi. Wiki hiyo alimshonea mteja shati lenye mikono miwili ya kushoto.

Jumanne Vifungo aliacha simu ikichaji kibandani, akaenda kusubiri mzigo. "Nitaifuata kabla ya saa kumi." Lori likachelewa. Saa kumi ikafika, simu ikaita.

"Leo utanitambua, bibi wewe," mshonaji akasema. Akaizima kabisa, akaichimbia kwenye droo chini ya mabaki ya vitambaa, akarudi kwenye cherehani yake akipiga mluzi.

Hazikupita dakika ishirini, mlango ukasukumwa. Akaingia mwanamke anayehema, ndala mguu mmoja, mwingine peku, gauni la bluu limefumuka ubavuni. Nyuma yake mwanamume mwenye magongo, na mwingine asiyeona, amemshika mwenzake bega. Mwanamke alikuwa mzuri, tena mzuri wa kuudhi.

"Yuko wapi yule askari wa stoo? Wenzake wamesema huwa hapa. Tumepiga mara nne!"

Sauti ni ile ile. Mshonaji akashika kiuno. "Na wewe ni nani wake?"

"Dada, niambie tu. Yuko hai?"

Mikono ikamdondoka yenyewe. Akaonyesha dirishani: Vifungo anavuka barabara, jora begani. Yule mwanamke akaketi sakafuni, akalia kwa sauti.

"Yupo," mwenye magongo akamwambia asiyeona. "Namwona. Yupo."

Alipopata pumzi, mwanamke alieleza. Askari wa kikosi kile walirudi tisa. Kila mmoja alikuwa na saa yake ya kumpigia mwenzake. "Upo?" "Nipo." Basi.

"Siku moja mume wangu, mmoja wao, hakupokea. Wakasema labda simu imeisha chaji. Nilipotoka kazini alikuwa amekwisha kujitoa uhai. Zamu yake ya kupiga saa kumi nimeichukua mimi. Na tangu siku hiyo, mtu asipopokea, hatusubiri."

Vifungo alikuwa amesimama mlangoni, ameyasikia yote.

"Nimeizima mimi," mshonaji akamwambia. "Kwa wivu. Kwa nini hukuniambia?"

"Kila mahali mimi ni mtu wa kuchungwa. Hapa nilikuwa Vifungo tu."

"Kwa hiyo yeye anajua usipoitika maana yake nini, na mimi niliyekupa moyo wangu sijui? Huoni hapo ndipo wivu unaponiuma zaidi?"

Vifungo akalishusha jora begani. Mshonaji akamwinua mjane, akatunga uzi, akamshonea gauni likiwa mwilini.

"Nisamehe, dada. Nilikutakia mabaya."

"Na mimi ningeizima," mjane akasema, machozi bado yanamtoka.

Kesho yake, saa kumi, simu ikaita. Vifungo hakutoka nje. Akamkabidhi mpenzi wake.

"Upo?" sauti laini ikauliza.

"Yupo. Yuko hapa kwangu." Akamtazama Vifungo. "Na bado nakuonea wivu."

Mjane akacheka. "Nionee tu, mdogo wangu. Ila pokea."

Simu ilipokatika, Vifungo alikuwa anachezea kikopo cha vifungo vya njano. "Saa kumi na mbili asubuhi," alisema polepole, "hakuna mtu wa kuniuliza."

"Mimi sikupigii."

Vifungo akainamisha kichwa.

"Nitakuuliza ukiwa umelala pembeni yangu," akasema mshonaji. "Kwa hiyo nenda kazungumze na baba yangu, tena Jumapili hii. Upo?"

Kikopo kikamponyoka, vifungo vikatapakaa kibanda kizima.

"Nipo," akasema. "Nipo, nipo."