Alama za Mkaa Ukutani

Wajukuu, hebu tegeni masikio. Hana miguu, lakini hufika mlangoni bila kupiga hodi. Hana rula, lakini mstari wake haupindi. Nani huyo? Mmeshindwa? Basi nipeni mji, tena uwe na barabara nzuri, nami niwape jibu: ni maji. Sasa sikilizeni maji hayo yalivyomfunza Kasuku.

Kasuku alikuwa msichana wa darasa la sita, na jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mtaa wao ulikuwa kwenye mteremko. Kila asubuhi alifagia uani, akaosha vyombo, kisha akakaa kwenye kigoda ili mama yake mdogo amchane nywele. Huyo mama mdogo alikuwa akisomea shahada ya pili chuoni. Alikuwa akitafiti jinsi mvua zilivyobadilika, na jinsi mafuriko yalivyoingia katika nyumba za mtaa wao.

"Mbona leo chanuo linaniuma?" Kasuku aliuliza asubuhi moja. "Umenuna?"

"Sijanuna, nina mawazo. Kesho kutwa anakuja mgeni kutoka mfuko unaonilipia masomo. Wao hufadhili utafiti unaofanywa pamoja na wananchi. Nimewaomba majirani kila mmoja achore mstari wa mkaa ukutani kwake, pale maji yalipofika. Hakuna aliyechora. Mgeni akikuta kuta tupu, ufadhili utakatika, nami nitaacha chuo katikati."

Siku nzima darasani Kasuku hakusikia somo. Mama mdogo ndiye aliyemfundisha kusoma, kwa kumwandikia herufi kwenye vumbi la uani. Aache chuo? Haiwezekani. Alipotoka shule alichukua kipande cha mkaa, akaenda moja kwa moja hadi nyumba ya juu kabisa, kwa dobi aliyeitwa Mama Pasi.

"Alama itanisaidia nini?" Mama Pasi alimuuliza huku akinyoosha shati. "Itanipigia pasi?"

Ulimi wa Kasuku ukatangulia kabla ya akili. "Mfadhili anakuja. Mwenye alama ya juu zaidi atapewa mabati."

Mama Pasi akaweka pasi chini. "Mabati? Hebu lete huo mkaa."

Habari ya mabati haikuhitaji miguu ya Kasuku. Jioni hiyo kila ukuta ulikuwa na mstari.

Kesho yake mama mdogo alipita na futi yake kupima. Mwanzoni alitabasamu, kisha hatua zikapungua. Kwa Mama Pasi mstari ulikuwa juu ya dirisha. Kule chini kabisa, karibu na mtaro, kwa mzee Fundi Redio, ulikuwa kifuani. Mzee huyo alikuwa kiziwi nusu. Redio za watu alizijaribu kwa kuzishika, aone kama zinatetemeka, na habari ya mabati haikumfikia; alichora tu alipoona wenzake wanachora, pale maji yalipofika kweli.

"Dada," mama mdogo alimwambia Mama Pasi, "yaani maji yalimruka mzee kule chini, yakapanda mlima kuja kwako?"

"Maji ya siku hizi nayo yamesoma," Mama Pasi akajibu. Watu wakacheka. Mama mdogo hakucheka.

Nyumbani Kasuku alimkuta ameketi kitandani, futi mkononi. Akasimama mlangoni.

"Mama mdogo, ni mimi. Niliwaambia kuna mabati. Sikutaka uache chuo."

Mama mdogo akamvuta, akamkalisha karibu naye. "Najua ulifanya hivyo kwa kunipenda. Lakini kwa mistari hii, watakaokuja kujenga kingo za maji watazijenga juu, na mafuriko yatamkuta Fundi Redio palepale. Uongo uliosemwa kwa upendo nao ni uongo, mwanangu. Na anayeumia ni yule ambaye hata hakuusikia."

"Sasa nifanyeje?"

"Ulipoanzia ndipo utakapomalizia. Chukua ndoo na kitambaa. Tutakwenda wote."

Wakapita mlango kwa mlango. Kasuku aliomba radhi, akafuta, akaomba wachore tena. "Kasuku wewe, mabati yangu nilishayanunulia misumari," mmoja alimtania. Mama Pasi alimnyang'anya kitambaa akafuta mwenyewe. "Kwangu hayakuingia. Yaliishia kwenye ngazi. Haya, sasa nimesema."

Mgeni alipofika, mama mmoja mwenye miwani, aliona madoa meusi yaliyofutwa juu ya mistari mipya. Akauliza sababu. Kasuku alimweleza yote, na mama mdogo hakumkatiza. Mgeni akaitazama mistari kutoka nyumba hadi nyumba. Ilikuwa imenyooka kama maji yaliyotulia kwenye beseni.

"Mabati hayapo," akawaambia majirani waliokusanyika. "Fedha zetu zinamsomesha binti huyu tu. Lakini akitafiti na mtaa, mtaa nao lazima upate kitu. Ninyi mnapata nini? Nikipata jibu la kweli, ufadhili unaendelea."

Mmoja alikuna kichwa, mwingine akaangalia viatu vyake. Mama mdogo aliushika mkono wa Kasuku.

"Anasemaje?" Fundi Redio akauliza.

Mama Pasi akamwinamia sikioni. "Anauliza tunapata nini!"

Mzee akauweka mkono wake kwenye mstari wa ukutani kwake, kisha akatazama juu mteremkoni, kwenye milango ya majirani zake wote.

"Mafuriko yaliyopita mimi niliamshwa na godoro lililolowa," akasema. "Sasa mtaa mzima umeona kwenye kuta. Tunapata kujua nani aamshwe kwanza."