Aliyekaribishwa Bafuni

Mswaki wa Wakili ulikuwa umelowa, na yeye ndiyo kwanza anaamka.

Aliushika kwa ncha za vidole viwili, akaunusa. Ulinuka mdomo, na si mdomo wake. Ulikuwa mdomo wa mtu aliyelala wiki nzima na kipande cha samaki katikati ya meno.

"Kifaranga! Umetumia mswaki wangu?"

"Dada jamani! Hata wangu umelowa," mwenzake alijibu kutoka jikoni. "Nilidhani ni wewe, nikanyamaza kwa heshima."

"Heshima gani ya kula mate ya mtu!"

Walicheka, wakaitupa yote miwili.

Walikuwa wahubiri vijana, wametumwa na kanisa lao nchi ya mbali kwa mwaka mmoja na nusu, wakapangiwa nyumba ndogo ghorofa ya tatu. Wakili alipewa jina hilo kwa kubishana na kila anayevuta pumzi. Kifaranga ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote, miaka kumi na tisa, na lugha ya wenyeji ilimkwama kooni kama kidonge kilichomezwa bila maji. Kwenye uwanja wa ndege, mama yake alimshika Wakili mikono yote miwili: "Mwanangu, nakukabidhi huyu. Nirudishie kama alivyo." Wakili aliapa, na hakuwa mtu wa kuapa hovyo.

Sasa, misheni ile ilikuwa na zoezi lake. Kila asubuhi mhubiri anaweka kiti kitupu mbele yake, anamkaribisha asiyekuwepo, anamhubiria saa nzima kwa lugha ya wenyeji, kisha anamwomba akubali. Wakili alifanya zoezi lake sebuleni, akimaliza anaanika taulo kwenye kiti hicho hicho. Kifaranga aliogopa kuchekwa, kwa hiyo alibeba kiti chake akajifungia nacho bafuni.

Bafuni! Mtoto yeyote aliyelelewa na bibi anajua kule watu huingia kimya na kutoka haraka. Lakini misheni ilikuwa imewafundisha kwamba maneno ya bibi zao ni ushamba. Basi wiki tatu nzima, nyuma ya mlango uliofungwa, kwenye unyevu na ukungu, binti wa watu alikuwa akisema, "Karibu. Keti. Hapa ni kwako."

Alhamisi moja akaacha kukwama.

Walikuwa mlangoni kwa fundi viatu. Kifaranga alifungua kinywa, maneno yakamwagika laini, ya kizamani, ya watu waliozikwa kitambo. Fundi viatu alilia mpaka akaangusha nyundo. Mwezi ulipokwisha, watu thelathini na mmoja walikuwa wamebatizwa.

"Umejifunza wapi hayo?" Wakili aliuliza.

"Nimejibiwa, dada," Kifaranga alisema, akitafuna.

Alikuwa hali chochote, lakini alitafuna mchana kutwa. Wakili alipomlazimisha kuachama, aliona nywele nyeusi zilizoviringwa juu ya ulimi kama donge linalotolewa kwenye bomba. Harufu ya mswaki ule ikampiga usoni. Mashavu ya binti yalikuwa yamebonyea, shingo imebaki kijiti.

Jumatatu alasiri, jua likiwaka kila dirisha, Wakili alisikia mlio bafuni, mlio wa mtu anayekunywa uji wa moto kwa pupa, akausukuma mlango kwa bega, akamwona Kifaranga amepiga magoti mbele ya kiti, kichwa amekilaza nyuma, kinywa wazi, na kutoka hewani juu ya kile kiti, pasipo na mdomo wala uso, ulikuwa ukishuka uzi wa makohozi ya manjano, mnene kama kidole, wenye mapovu na vipande vya kitu kilichokwisha kutafunwa, ukishuka taratibu bila kukatika mpaka kooni mwake, naye akimeza, akimeza, machozi yakimtoka, akimeza.

Wakili alitapika hapo hapo. Kisha akampigia simu msimamizi wao, ambaye wote walimwita Baba.

"Baba, kuna kitu kinamlisha mate!"

"Binti yangu, thelathini na mmoja wamebatizwa. Shetani habatizi watu."

"Mtoto anakufa!"

"Wivu ni dhambi. Jumamosi nakuja mwenyewe kumsikiliza."

Aliyekuja mapema ni fundi bomba, maana maji yalikuwa yamegoma kushuka. Alipoingiza waya ndani ya bomba na kuvuta, zikatoka nywele, ute, na meno ya watu wazima. Akayatazama, akatazama na kiti.

"Nani kaweka kiti humu?"

Wakili alimweleza zoezi. Fundi alifunga mkoba wake haraka.

"Dada, hicho hakikuvamia. Mmekiita, mkakipa pa kukaa. Ukikifukuza wewe kitakucheka. Aliyekiita ndiye akitoe, kwa maneno yake ya nyumbani, si haya kiliyompa. Na angalia mwingine asikipokee." Hakudai hata nauli.

Jumamosi asubuhi Wakili alimburuta mwenzake bafuni, akamshika taya kwa nguvu.

"Sema toka! Kwa maneno ya mama yako!"

Koo la binti lilinguruma mahubiri matamu. Wakili alimtikisa. "Mama yako anakusubiri, wewe! Mwite!"

"Ma..." Kifaranga alikohoa. "Mama." Kisha, kwa sauti yake nyembamba iliyokuwa imepotea mwezi mzima: "Toka. Sikutaki. Nataka kwenda kwetu."

Akatapika bonge la nywele, bonge jingine, ndoo nzima ya ute. Kiti kikalia kana kwamba mtu mnene amenyanyuka. Na ile sauti tamu ikauliza kutoka hewani, "Nani basi atanipokea?"

"Mimi!"

Baba alikuwa amesimama mlangoni, suti yake nyeusi, uso uking'aa.

"Baba, nyamaza!" Wakili alipiga kelele.

"Sauti kama hiyo mnaifukuza? Wapumbavu nyie!" Alipiga magoti ndani ya yale matapishi, akafumba macho. "Karibu, Mtumishi. Karibu, hapa ni kwako."

Uzi wa manjano ukashuka. Baba akaachama.

Kutoroka kulihitaji pasipoti, na pasipoti za wahubiri wote zilifungiwa kwenye ofisi ya kanisa. Ndiyo, watu wazima wananyang'anywa pasipoti zao, kisha wanaambiwa wametumwa kwa hiari. Ikabidi wasubiri Jumapili, ibada iwe imeanza na ofisi iko wazi. Wakili alizichukua mbili bila kuomba ruhusa ya mtu, akamtoa Kifaranga kwa mlango wa pembeni, amemshika kiuno.

Baba alikuwa mimbarani. Hakuwahi kuhubiri vizuri namna ile. Kidevu chake kilimeremeta, mbele ya shati palikuwa pamelowa, na waumini wa mabenchi ya mbele walilia huku leso zimeziba pua.

"Fungueni vinywa vyenu," alisema kwa upole, "mpokee."

Kifaranga alitaka kugeuka.

"Tembea, mdogo wangu."

Walifika barabarani. Nyuma yao kanisa zima lilikuwa limenyamaza, watu mia tatu, na kupitia madirisha yaliyo wazi kilisikika kitu kimoja tu: watu wakimeza.