Nyasi Zilizonuka Sabuni

Kila asubuhi mbuzi wa Kiherehere walisimama kwenye uzio na kuchungulia ndani. Kiherehere alisimama nao. Ndani ya uzio palikuwa na mgodi. Zamani aliendesha katapila humo. Sasa mgodi umefungwa, shimo limefukiwa, udongo umetandazwa juu ya kifusi, na nyasi zimeanza kuota. Nje ya uzio hapakuwa na kitu. Mbuzi walikula maboksi.

"Mbuzi anatafuna boksi huku nyasi anaziona," alimwambia mkewe. "Ni haki hiyo?"

"Kaa chini unywe chai," mkewe alimjibu. "Umezunguka meza mpaka sakafu imechoka."

Hakukaa. Alikunywa amesimama.

Aliyekagua ardhi ile alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Kulikuwa na vigingi vyekundu ndani ya uzio. Kila msimu shemeji alirudi kwenye vigingi vilevile, akalaza chini mraba wa nondo, akatazama ndani yake. Nyasi zimefunika kiasi gani? Udongo mtupu umebaki kiasi gani? Nyasi zikishika na kuvuka kiangazi, watu wangeruhusiwa kuingia.

"Shemeji, si uuweke huo mraba penye majani mengi?" Kiherehere alimwambia. "Nani atajua?"

"Upepo," shemeji alicheka. "Nikichagua pazuri, nitakuwa nimepima hamu yangu, si ardhi."

Jibu hilo lilimkera. Kama mraba hauendi kwenye nyasi, nyasi zitaufuata mraba. Tangu siku hiyo, kila jioni alipenya chini ya uzio na dumu la maji ya kufulia, akamwagilia penye vigingi. Mkewe alitafuta maji ya kudekia asiyaone.

Siku ya kupima ilifika. Kiherehere alifuata nyuma, hatulii. Kigingi cha kwanza, kijani. Cha pili, kijani.

"Umeona? Fungua."

Shemeji alipiga magoti, akavuta shina moja. Likatoka bila ubishi. Mizizi yake ilikuwa mifupi kama ndevu za kijana. Akainusa.

"Shemeji, nyasi hizi zinaoga kwa sabuni ya nani?"

Kiherehere aliwatazama mbuzi wake. Hawakumsaidia.

"Yangu," alisema. "Mbuzi wanakwisha nikiwaona."

"Najua. Njoo huku."

Mbali kidogo na kigingi, nyasi zilikuwa chache na kavu. Shemeji alivuta moja. Ikagoma.

"Hii haikuletewa maji. Imeyafuata chini. Mizizi yake ndiyo inashika udongo, na udongo huu ni blanketi tu juu ya kifusi. Tungefungua leo, mbuzi wangeng'oa zote. Upepo ungelibeba blanketi, na vumbi la kifusi lingelala kitandani kwako. Hapo husubiri tena msimu. Hapo ndiyo basi."

Kiherehere alikaa chini, palepale mavumbini.

"Na mimi siwezi kukaa tu," alisema.

"Nani kakwambia ukae? Uza madume yale kabla hayajakonda. Kisha chukua jembe."

Akamwonyesha kuchimba vishimo vya nusu mwezi, mdomo ukielekea upande wa juu wa mteremko, ili vinase maji ya mvua. Ndani, mbegu. Juu, matawi makavu ya kuzuia upepo. "Chimba kote, si penye vigingi tu. Na dumu lako libaki nyumbani."

Alichimba kama mtu anayefukuzwa. Mvua ilikuja, ikaondoka. Kiangazi kikachoma. Nyasi zilikauka juu, lakini mvua ya pili ilipoanguka zilichipua zenyewe. Watu wakaruhusiwa kuingia na mundu, wakate na kubeba. Mbuzi walibaki nje, kwato zisivunje udongo, lakini maboksi waliyasahau.

Msimu uliofuata, shemeji alimwachia Kiherehere kazi ya kupima, naye ndiye aliyebeba mraba. Majirani walimzonga, wakitaka mbuzi wafunguliwe. Alifika kwenye kigingi cha kwanza, pale alipokuwa akimwaga maji ya sabuni. Palikuwa kipara; zile za mizizi mifupi hazikuvuka kiangazi.

"Hapa bado," alisema.

"Sogeza kidogo," jirani alimnong'oneza. "Nani atajua?"

Aliwatazama mbuzi wake nje ya uzio. Kisha akaulaza mraba palepale.

"Upepo," alisema.