Aliyemkanda Mama Mkwe

Usiku ule wa kwanza mpiga pasi alirudi nyumbani amelowa jasho mpaka kwenye nyusi. Akavua raba, akatumbukiza miguu kwenye ndala zake zilizokuwa kando ya kitanda, akazikuta zina joto. Joto la miguu ya mtu aliyezivua sasa hivi. Mumewe alikuwa sebuleni anatazama mpira, na unyayo wake usingeingia kwenye ndala zile hata kwa nyundo. Mama mkwe hakuwa mtu wa kutembea. Akajiambia ni uchovu, akaenda kuoga.

Na uchovu alikuwa nao. Alifanya kazi kwa dobi, chumba cha nyuma, amesimama mbele ya meza ya pasi tangu asubuhi mpaka jioni, mashati ya watu yakimpumulia mvuke usoni. Viganja vyake vilikuwa vimekomaa kama kisigino. Akifika nyumbani anakuta sinki limejaa vyombo, mume amenyoosha miguu, na kutoka chumba cha pili sauti ya mama mkwe: "Mwanangu, umerudi? Njoo unikande, miguu inaniwaka moto."

Akianza kumkanda, hakosi neno. "Taratibu. Hiyo mikono au msasa?" Na baada ya kidogo: "Unahema nini? Kama hutaki, sema."

Basi usiku ule wa kwanza alitoka kumwaga taka tu. Ilikuwa saa tatu, mtaa umepoa, barabara imelala tupu mbele yake. Aliweka ndoo chini. Hakuna aliyemtuma, miguu yenyewe ilianza kwenda haraka, kisha akapandisha sketi kidogo, akakimbia. Alipita duka la dawa lililofungwa, akapita gereji, akapita ukuta mrefu wa shule, na hakuna aliyemwita wala kumtaka kitu. Upepo ulimwingia mpaka kwenye kwapa. Miguu ileile iliyomuuma mchana kutwa ilikuwa myepesi kama si yake. Alijikuta anacheka peke yake gizani. Tangu aolewe hakuwahi kuwa na nusu saa ya kwake.

Asubuhi mama mkwe akamwambia, "Jana umenikanda vizuri, mwanangu. Mikono laini. Wala hukuhema."

"Jana sikukukanda, mama. Nilitoka."

"Ulitoka wapi? Si ulikaa hapa kitandani mpaka nikasinzia?"

Mpiga pasi alichukua mkoba, akaenda kazini. Mtu mzima akichanganya siku, humbishii. Lakini alitoka tena kesho yake, na keshokutwa, na kila aliporudi mumewe alimtazama kwa mshangao. "Wewe si uko kwa mama? Nimekuona unapita hapa sasa hivi." Na chumba cha mama mkwe kilianza kuwa na harufu aliyoijua vizuri kuliko mtu yeyote, harufu ya kitambaa kilichopigwa pasi muda huu, safi, kikavu, bila chembe ya jasho la mwenye nguo.

Wiki ya tatu, mama mkwe alijimwagia chai ya moto kwenye goti. Mpiga pasi aliruka na kitambaa. Mzee mwenyewe alikuwa bado anapuliza kikombe, hana habari.

"Mama, umeungua."

"Wapi?"

Ngozi ilikuwa imeanza kuvimba. Mpiga pasi akashika mguu ule. Kuanzia vidole mpaka juu ya goti ulikuwa wa baridi kama bomba la maji.

Usiku alimweleza mumewe kila kitu, kwa sauti ya chini. Mume alikuna kichwa. "Basi acha kukimbia."

"Na wewe acha mpira."

"Mpira hauleti majini."

"Nusu saa tu," mpiga pasi alisema. "Nusu saa kwa siku, na hiyo nayo mnaitaka?"

Kesho yake alikimbia kwa hasira, akakata njia katikati, akarudi kwa upande wa dirisha la mama mkwe. Pazia lilikuwa limeachia kipande chembamba. Akachungulia.

Aliona mgongo wake. Aliona gauni lake la nyumbani, lile lenye kiraka begani, na kitambaa chake cha kichwa kimefungwa kwa namna anavyofunga yeye, na mikono yake miwili inapanda na kushuka kwenye mapaja ya mama mkwe polepole, bila kukwama, bila sauti, wala mabega hayakupanda wala kushuka kama ya mtu anayevuta pumzi, na mama mkwe amefumba macho anatabasamu kama mtoto aliyeshiba, na kila mikono ile ilipopita ngozi ilibaki nyeupe nyuma yake, kama damu imesukumwa kwenda mahali pengine, na mpiga pasi akataka kupiga kelele lakini kitu kile kilisimamisha mikono, kikainua kichwa bila kugeuka, kikawa kinasikiliza, kinamsikiliza yeye anavyohema pale nje, mpaka mama mkwe akasema kwa usingizi, "Endelea, mwanangu," nacho kikainama, kikaendelea.

Alizunguka mbio, akaingia. Mama mkwe alikuwa peke yake. Ukingo wa kitanda ulikuwa umebonyea, na ile baridi ya miguuni ilikuwa imempanda mpaka kiunoni.

Mtaalamu aliyeitwa alikuwa mzee mfupi, fundi wa vitasa. "Vitasa na majini ni kazi moja," alisema akivua viatu. "Lazima ujue nani alifungua." Alikaa, akawauliza mmoja mmoja. Kisha akamgeukia mama mkwe. "Hiki hakikuvunja mlango. Kilikuta nafasi wazi, kikakaa, na mtu akakikaribisha. Aliyekaribisha ndiye afukuze. Mimi nitasimama tu."

Mama mkwe alitazama ukutani. "Nilijua," alisema. "Usiku wa pili nilishajua. Mkwe wangu ana mikono ya msasa."

"Ulijua, mama?" mpiga pasi aliuliza. "Ukanyamaza?"

"Hakikuhema."

Mpiga pasi alihisi kitu kimempasuka kifuani, na hakikuwa hofu. Miaka sita anamkanda mama huyu.

Usiku ilibidi mpiga pasi akimbie, ili kitu kije. Zilikuwa mbio za kwanza zisizo na raha hata kidogo. Alipofika kwenye ukuta wa shule aligeuza, akarudi, akamkuta mtaalamu na mumewe wamesimama kwenye korido gizani, televisheni imezimwa. Mlango wa mama mkwe ulikuwa umerudishiwa. Ndani ulisikika msuguo wa viganja kwenye ngozi, mwepesi, kama shuka linavutwa juu ya meza.

"Mama, sema," mume alinong'ona.

Viganja havikusimama.

"Mama, tafadhali."

"Ngoja amalizie," mama mkwe alijibu kutoka ndani. "Mguu huu tu."

Mtaalamu alitikisa kichwa. Msuguo uliendelea, ukapanda, na sauti ya mama mkwe iliposikika tena ilikuwa imekonda, kama ya mtu anayeongea chini ya mto, anasema raha, raha, na mume alianza kulia, na harufu ya pasi ikajaa korido mpaka macho yakawasha, na mpiga pasi, jasho likimchuruzika, pumzi imemkatika, akaweka mkono kwenye mlango na kusema kwa sauti yake ya kawaida:

"Mama, nahema kwa sababu nachoka. Nikikukanda kesho nitahema. Keshokutwa nitahema. Mikono ni hii hii. Chagua."

Viganja vilisita.

Kisha sauti nyembamba ikasema, "Wewe unayenikanda, sikujui. Toka."

Kitanda kililia kama mtu mzito ameinuka. Mlango ukafunguka, na kikapita katikati yao bila kuonekana, kinakimbia, kwa hatua zake yeye, kisigino cha kulia kikiburuta kidogo kama anavyoburuta yeye akichoka. Kilipofika mlango wa nje walisikia kinavuta pumzi. Kilikuwa kimejifunza.

Mtaalamu alifunga, akajaribu kitasa mara mbili. "Usikimbie mpaka mwezi mpya uandame," alimwambia mpiga pasi. "Kinakujua ukiondoka. Bado kinatafuta pa kukaa."

Damu ilirudi kwenye miguu ya mama mkwe polepole, na maumivu yakarudi nayo. Alilalamika kuliko zamani. "Taratibu, jamani. Msasa huo." Mume alijifunza kuosha vyombo siku nne, ya tano akasahau. Mpiga pasi alihesabu usiku mmoja mmoja. Akilala, miguu ilimcheza chini ya shuka.

Usiku wa ishirini, mwezi ukiwa haujaandama, sinki lilikuwa limejaa, mpira unapiga kelele sebuleni, na kutoka chumbani sauti inaita. Alimkanda mama mkwe mpaka akasinzia. Alifunga mlango wa chumba kwa ufunguo, akautia mfukoni. Akatoka. Alikimbia hadi gereji, hadi shule, akapita shule, na raha ikamrudia yote, mpaka machozi yakamtoka.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kumshika mama mkwe miguu. Ilikuwa ya moto. Hapakuwa na harufu. Alilala usingizi wa pono.

Asubuhi, akienda kazini, mshonaji wa nyumba ya pili, mjane anayeishi peke yake, alimwita kutoka dirishani. Alikuwa ameegemea ukuta, uso umejaa shukrani.

"Jirani, asante kwa jana," alisema. "Mgongo ulivyonisumbua miaka yote. Leo hata siusikii."